Kwa Masomo Tu

Bei kamili: riali mia na arubaini.
Nikasoma, nikavua miwani, nikaipangusa, nikasoma tena.
Chini yake, kwa herufi ndogo zenye haya:
mwanafunzi, riali kumi na nne.

Mimi ni mwanafunzi.
Sifanyi mzaha.
Nina miaka hamsini na mitatu,
nina kadi yenye picha ya uso ulioshtuka,
nina kiti changu, cha tatu kutoka dirishani,
darasa la jioni la usanifu, chuo cha Al-Khudh,
kati ya Shinuna anayenukia udi na bablishi
na kijana Musab anayelala macho wazi.

Lakini programu haikuniamini.
Ikataka baruapepe ya chuo. Nikatoa.
Ikataka picha ya kadi, mbele na nyuma. Nikatoa.
Ikataka mwaka wa kuzaliwa.
Hapo kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka,
kama afisa wa mpakani anayeinua pasi yako kwenye taa
na wewe mtoto, umeshika kanga ya mama.
"Mtandao tu huo," akasema Asila, mwanangu.
Mtandao naujua. Na kutazamwa vile nakujua.

Ruwi, nyuma ya maduka ya saa,
Sajeev alikuwa ameshaniambia:
"Mama, tabu ya nini? Riali mbili nakuwekea.
Ile ile. Haiulizi maswali."
Diski imeandikwa kwa kalamu ya mkono,
jina limekosewa herufi moja.
Nikafungua mkoba. Nikaufunga.
Si kwamba mimi ni walii.
Kofia niliyoishona miezi minne
ilipigwa picha na mtu, sokoni Matrah,
ikatolewa kwa mashine, mia kwa siku,
na ua langu, lile la petali saba,
wanalivaa watu wasioujua mkono wangu.
Cha wizi nimekibeba upande wa pili. Kizito.

Saa nne usiku, ikakubali.

Nikachora ua moja. Nikaliambia lijirudie.
Likajirudia mara ishirini na nne, kichwa kizima,
wala halikusema mgongo.
Miaka thelathini na sita nahesabu matundu kwa ncha ya kidole,
nikikosea moja nafumua kumi.
Nikataka kulia. Nikaenda kuchemsha maziwa.

Asubuhi nikachapisha.
Na juu ya kazi yote, kwa rangi ya kijivu, mshazari,
KWA MASOMO TU
KWA MASOMO TU
hata katikati ya petali.

Asila akanisomea masharti, kurasa kumi na moja:
usiuze, usikodishe, usitafutie riziki.
Nikamwuliza, masomo na riziki vinaachania njia wapi?
Tundu langu la kwanza nililishona kwenye kofia ya mteja.
Mama alilifumua usiku nimelala,
akalishona upya, asubuhi akaiuza,
nami nikadhani nimeuza mimi.
Shule ilikuwa hiyo, na duka hilo hilo, mkeka mmoja.
Masharti hayakujibu.
Yalitaka nibonyeze "nakubali" tu,
na nilishabonyeza tangu jana.

Basi kofia ya Bwana Thuwaini wa Nizwa,
ya harusi ya Rajabu,
nimeichora kwa penseli juu ya karatasi ya mfuko wa saruji,
kama zamani. Mgongo ukasema yake yote.
Ya chuo nimeichora kwenye kioo.
Mwalimu kanipa sabini na tisa.
"Mduara umenyooka mno," kaandika. "Mkono uko wapi?"

Nilicheka barazani mpaka jirani akachungulia.

Leseni yangu inakwisha mwezi wa sita,
siku ile ile ninayohitimu.
Siku hiyo nitaitwa msomi,
na bei itapanda mara kumi.