Shavu la Kijani

Sikuchora uso. Nilikimbizana na mwanga
uliopenya tundu la bati, Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
saa tatu kasorobo, ukamwangukia Mbaruku
kwenye mfupa wa shavu, kisha ukahama.
"Usitikisike," nikasema. Akatikisika.
Ana miaka kumi na sita, na mkononi mnyororo wa baiskeli
anaotakiwa kuurudisha kwa fundi kabla ya adhuhuri.

Brashi yangu imenyonyoka, nywele zake za kuhesabu,
ndiyo maana rangi inatua vipande vipande:
tone la samli juu ya pua,
mkwaruzo wa zambarau chini ya kidevu,
na pale kivuli kilipokataa kuwa cheusi
nikatia kijani, kijani cha jani la mkonge.

Turubai lenyewe ni gunia la katani.
Nyuzi zinachungulia katikati ya rangi
kama vinyweleo. Sikuzifunika.

Dada akaja, akasimama karibu mno.
"Mwanangu kaota ukurutu?"
Nikamshika kiwiko, nikamrudisha nyuma,
hatua moja, ya pili, mpaka kisigino kikagonga ndoo.

Akanyamaza.
"Ndivyo anavyokaa," akasema polepole,
"akitaka kuniomba kitu na anaogopa."

Mimi hilo sikuliona.
Niliona njano tu, inakimbia.

Sikio la kushoto limebaki gunia tupu.
Jua lilihama kabla sijalifikia,
na Mbaruku keshaondoka na mnyororo wake,
kidole kimoja kina bluu
atakayokwenda kuifuta kwenye kiti cha baiskeli ya mteja.