Shavu la Kulia

Kesi ilisikilizwa kwenye ghala la mawese, Kibirizi,
juu ya meza nyekundu inayonata viganjani.
Mwenyekiti aliomba dagaa wawili wakavu dukani:
"Huyu ni Nyota ya Gungu. Huyu ni Sitaki Deni."
Kiberiti kikawa dumu la njano tulilolizunguka.
Upepo ukawa kidole chake,
kikija kutoka upande wa Kongo,
kikisitasita kama mtu aliyesahau jina.

Kanuni ni fupi kuliko ugomvi wake:
anayepigwa na upepo kuume apite,
wa kushoto ampishe.
Lakini ziwa halichorwi chaki,
na matanga mawili ya turubai
yakijaa kwa pamoja,
kila nahodha huota mkono wa kuume wa pili.

Mjomba Ntakije alisimama, suruali bado inachuruzika.
"Nilikuwa kuume. Kuume, nasema!
Huyu akanijia kama mdai wa mwisho wa mwezi."
Bilombele alijibu taratibu:
"Nilimpigia kelele mara tatu, pisha, pisha, pisha.
Akanijibu tusi. Tusi si usukani."
Watu wakagonga meza. Dagaa mmoja akapinduka,
akawa anaelekea kusiko na ushahidi wa yeyote.

Nje, mchangani, Sitaki Deni ililalia ubavu mzima.
Ule mwingine ulikuwa na ufa wa urefu wa mkono,
pamba ya kuzibia inaning'inia.
Ufa hausemi nani alipaswa kupisha.

Ndipo mwenyekiti akanigeukia mimi,
mimi niliyepakiwa kwa ajili ya uzito wangu
na kata ya kutekea maji.
Kanuni hakuniuliza.
"Leokadia, upepo ulikupiga shavu lipi?"

Shavu halisahau. Lilikuwa bado linachonyota.
"La kulia," nikasema.

Mjomba alipiga kofi moja, akacheka,
akamwambia mwenye duka amletee soda kila aliyeketi.
Mwenyekiti alikwishainua kalamu.
Bilombele alitazama miguu yake.
Kimya kile kingenitosha. Hakuna aliyeniuliza zaidi.
Ningeshika soda yangu, nikanywa,
na nisingekuwa nimesema uongo hata herufi moja.

"Lakini nilikaa nimeipa omo mgongo," nikasema.
"Anayeteka maji hukaa akitazama tezi.
Nilikuwa namtazama mjomba."

Mwenyekiti akajigeuza kitini, akashika shavu lake,
akajigeuza tena, midomo ikihesabu.
Mtu mmoja nyuma akasema, "Ahaa,"
halafu akajuta kulisema.
Kulia kwangu kulikuwa kushoto kwa mtumbwi.

Nyota ya Gungu ikafutwa kwa kalamu ya bluu.
Mjomba hakubisha. Alimwokota dagaa wake mezani,
akamng'ata kichwa, akatafuna,
akatoka na kilichobaki mkononi
bila kunitazama.
Soda zilikuja. Zilililipiwa na nani, sijui.

Jumatano asubuhi niliikuta kata mlangoni kwetu,
imesuguliwa kwa mchanga mpaka inang'aa,
haina salamu, haina aliyeileta.
Mama anasema nimefukuzwa.
Kaka anasema Jumapili kuna mashindano Ujiji,
na mtu hamsuguliwi kata aliyefukuzwa.

Mimi nimeiweka chini ya bati linalovuja.
Inateka mvua.