Kigugumizi cha Msumeno

Kabureta mpya imetoka Gerezani
ndani ya mfuko wa nailoni, na gasketi mbili za nyongeza.
Elfu thelathini na tano, bila risiti.
Muuzaji aliapa: imeshapimwa kiwandani, ni kufunga na kuwasha.
Imepimwa kwa hewa ya watu wengine, nikajisemea,
si kwa joto hili la Keko la saa saba mchana,
ambapo unga wa mninga kutoka kwa maseremala
unaingia mpaka kwenye chai.

Ile ya zamani imelala kwenye kifuniko cha ndoo,
kiwambo chake kimekauka kama ukoko wa wali.

Kaza skrubu zote mbili, anasema Fundi Hiza.
Taratibu. Zikigusa tu, acha,
sindano yake ina moyo mwepesi.
Sasa zirudishe, mzunguko mmoja na nusu.
Nageuza bisibisi niliyoichonga kwa spoki ya baiskeli.
Hesabu nafanya kimoyomoyo;
kimoyomoyo sijawahi kukwama.

Navuta kamba. Kimya.
Navuta. Unakohoa.
Mara ya tano moshi wa samawati unanipiga usoni
na meza nzima inatetemeka, misumari inacheza kwenye kopo.
Ngoja upate joto, anasema Hiza,
mashine ya baridi hudanganya.

Skrubu ya chini kwanza.
Mnyororo unatembea wenyewe kama mtu anayeota;
nashusha silensa, unalala.
Nabonyeza mafuta: unasita, ndipo unaruka.
Kushoto, robo ya robo.
Nabonyeza: unaruka.

Kisha ya juu.
Nakazia kulia na sauti inapanda,
inapanda, inakuwa nyembamba, safi,
waya uliovutwa kutoka Keko hadi Kurasini.
Maseremala wanageuka. Mmoja ananyanyua dole gumba.
Hiza anapiga meza kwa kiganja.
Rudisha!
Lakini u-u-una—
Najua unaimba. Una kiu.
Ngoma ikilia sana...
Hamalizi. Nani asiyejua mwisho wa ngoma hiyo?
Ananionyesha pistoni dirishani,
ya msumeno alioazima Chande kwa siku mbili,
ubavu umechanwa kama uliparwa na paka.
Siku hizi inazuia karatasi zisipeperuke.

Narudisha kushoto.
Sauti inaanguka, inakwaruza, pa-pa-pa,
inajikwaa kwenye silabi ileile.
Hapo hapo, anasema Hiza. Usiguse tena.

Miaka ishirini na sita
watu wananimalizia sentensi.
Mwalimu Mbonde alinigongea rula mezani
ili nitembee na mdundo wake.
Muuza duka hunipa sabuni
kabla sijafika mwisho wa sukari.
Hakuna aliyewahi kusema hapo hapo,
usiguse.

Saa tisa niko Chang'ombe.
Mjohoro umelalia ukuta tangu usiku wa mvua,
mizizi juu, imeshikilia kipande cha bomba na ndala moja.
Mama Nakijwa ameshika kiuno,
anausikiliza msumeno ukibabaika hewani.
Huu mzima kweli?

Nafungua mdomo. Naufunga.
Nauweka msumeno kwenye shina.

Meno yanapoonja mti, kigugumizi kinakatika.
Sauti moja, nzito, iliyonyooka,
na chenga kubwa za njano zinamwagika juu ya viatu vyangu,
mbichi, zina harufu ya maharage mabichi.
Shina linafunguka. Sijasukuma.
Ukuta unapumua.

Nauinua: pa-pa-pa.

M-m-m-mzima, nikamwambia,
naye akasubiri, mkono kiunoni,
mpaka neno likafika kwa miguu yake lenyewe.

Kisha akauliza bei.
Kwenye bei sijawahi kukwama.