Fomu ya Madai

Naandika kama ulivyoagiza, bwana Rwegasira,
herufi kubwa, wino mweusi.
Ukiona mwandiko umelala, ni wa mkono wa kushoto.

Jina: Nkwimba Lubango.
Mahali: Mkuyuni, karibu na daraja.
Saa: sijui. Nilikuwa natafuta kiatu;
kimoja kilikuwa ng'ambo ya lami,
chini ya gari mlilolikatia bima.

PF3 ninayo. Muhuri una doa,
polisi wakasema unasomeka.

Kazi: kukata minofu ya sangara, kiwandani Ilemela,
malipo kwa kilo, risiti hawatoi.
Ushahidi wa kipato?
Muulize Holo, kidato cha pili,
yuko nyumbani tangu Jumatatu.

Daktari kaandika: ulemavu, asilimia kumi na nne.
Nimeijaribu hesabu yake mezani, kwa kisu.
Sangara wa kilo tatu, mkono usiofumba:
hatelezi mara kumi na nne katika mia.
Anateleza.

Mwisho wa ukurasa, chini ya sahihi,
mnataka alama ya dole gumba la kulia.

Kisanduku nimekiacha kitupu.
Msije mkairudisha fomu
mkasema sikumaliza kujaza.