Asiyefika Kipimo

Kazi yangu kiwandani ni mizani.
Sangara asiyefika kipimo simpokei;
namsukuma pembeni kwa kiganja,
mvuvi ananitukana, namwandikia sifuri.

Jumanne, wadi ya juu kule Bugando,
Sista Nyamisana aliniita nisome namba:
elfu moja mia tatu themanini.
Gramu. Wiki thelathini na saba.
Nikaona mkono wangu umeanza kusukuma hewa.

Kondo lilikuwa bahili, alisema Daktari Mugeta.
Miezi yote limepima chakula kwa kijiko,
na mwili, kwa akili zake, ukagawa:
kichwa kwanza, mapaja yangoje.
Ndiyo maana kichwa cha mtu
kimekaa juu ya shingo ya kifaranga.
Lakini hata kichwa, akasema, hakikushiba.

Damu ya kitovu walikuwa wameikinga.
Akaomba niitilie saini.
Humo mna seli shina, hazijaamua bado
kuwa hiki au kile;
zikirudishwa mshipani huenda zikatuliza
moto unaochoma nyuzi za ubongo.
Huenda. Alilitamka polepole,
kama mtu anayekanyaga mawe yenye utelezi.
"Kwingine wamejaribu kwa wanakondoo."
"Kondo?" nikauliza.
"Kondoo," akasema,
na Nkwimba, nyuzi bado mbichi tumboni,
akacheka mpaka akashika kidonda.

Mama yangu alivuka kutoka Nansio
na jembe dogo ndani ya kikapu.
"Kitovu kiko wapi? Mtu asiye na kitovu ardhini
akiulizwa kwao, atajibu nini?"
Nikamwonyesha mlango wa jokofu.
Akauangalia sana.
Akauliza kama umeme hukatika.

Siku ya tisa kikonyo kilianguka, kikavu,
kama dagaa mmoja. Hicho akakipokea,
akakifunga kwenye pindo la kanga.
Basi mwanangu ana kwao kuwili:
shamba la mihogo Ukerewe,
na kichupa chenye namba
mahali ambapo hata pumzi ingeganda.

Jana usiku wamemrudishia sehemu ya kwanza.
Hakuna kilichotokea. Alipiga chafya.

Leo nimerudi kazini. Mvuvi wa Igombe
ameleta sangara mdogo, nami nimemshika
muda mrefu kuliko sheria inavyotaka,
nikisubiri namba itulie.