Stakabadhi ya Waridi

Biblia ya mama ilikaa kabatini, nyuma ya kioo,
kati ya birika la wageni na rozari iliyokatika,
imevishwa kitambaa alichokifuma mwenyewe.
Ilitoka Alhamisi,
zamu ya Jumuiya ya Mtakatifu Monika ikifika kwetu,
na hata hapo aliyeifungua ni Wilfrida, mwenye miwani.
Mama alisikiliza, mikono mapajani,
kama mtu anayesikiliza mvua
ajue kama ni ya kupanda.

Shemeji Elifazi, wa Kanisa la Marafiki,
hutaja sura na aya kama dalali mnadani.
"Ninyi Wakatoliki," alisema, akichovya mkate chaini,
"mnaitunza kama godoro la mgeni:
safi, halilaliwi."
Mama akamwongezea chai.

Ni kweli, sisi tulijua masomo kwa sikio.
Ungeniuliza ni kitabu gani,
ningekuambia ni Jumapili gani na nani alisinzia.
Mwana mpotevu, kwangu, ana sauti ya katekista Lubanga
na kigugumizi chake: alikwama kwenye "nguruwe"
hadi kigango kizima kikamsaidia.

Mama alikufa mwezi wa nne, miwa ikiwa mirefu.
Siku ya kunyoa nywele madeni yakatajwa:
mbolea ya Nabwile, kuku watatu, mchango wa paa la kanisa.
Kisha akatajwa anayedaiwa. Kiwanda.
Misimu miwili, tani arubaini na kitu,
na karani kule Mumias alitaka stakabadhi ya mizani,
ile ya waridi, si nakala.

Tulipekua godoro, debe la unga, koti la marehemu baba.
Mwisho tukafungua kabati.

Ilikuwa imenenepa kama mtu anayeficha jambo.
Kadi za kliniki katika Walawi.
Cheti changu cha ubatizo kati ya manabii.
Baba, suruali pana, mbele ya gari lisilo lake.
Jani la Jumapili ya Matawi, limekauka,
bado limekunjwa msalaba.
Elifazi alijitolea. "Hili ni shamba langu."
Akalowesha kidole, akapita kitabu baada ya kitabu,
akivitaja kwa mpangilio, haraka, bila kukosea.
"Hakuna," akasema. "Nimemaliza vyote sitini na sita."

Wilfrida alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka.
"Yetu ina sabini na vitatu."

Nikavitafuta vile saba, nimechuchumaa,
na aibu ya mtu anayeulizia njia ya kwao.
Kimoja ni kifupi. Mzee amepofushwa na kinyesi cha ndege,
hana kitu, anaona kifo kinakaribia,
anamwita mwanawe: kuna fedha
niliiweka kwa jamaa wa mbali,
na hati ninayo.

Hapo ndipo ilipokuwa, imekunjwa mara mbili.
Na ukingoni, kwa penseli, herufi zilizoinama
za mtu aliyeacha shule darasa la nne:
*Wesonga, nenda wewe mwenyewe.*

Elifazi aliomba kuiona. Akaisoma, akanirudishia,
akatoka nje kuangalia ng'ombe ambao hatuna.

Kurasa zile, na zile tu, zilinuka mafuta ya taa.
Usiku gani? Sisi tulikuwa tumelala upande gani?
Nilikisoma chote, kwanza nimesimama,
kisha nimeketi kwenye kigoda chake.

Karani hajalipa. Anasema mwezi ujao,
kama alivyosema mwezi uliopita.

Lakini katika habari ile kuna mbwa.
Kijana anatoka kwenda kudai, na mbwa anamfuata.
Hana jina, habweki, hafanyi lolote.
Wilfrida anasema hakumbuki kumsikia kanisani, hata Jumapili moja.
Mama alimpigia mstari.