Alama ya Paji

Kazi yangu ni vioo. Ngazi, ndoo, ngozi laini ya kukaushia,
na siki kidogo ndani ya maji ya uvuguvugu.
Miaka kumi na tisa nimeosha madirisha ya Aldersyl,
kijiji cha Frisia kilicholala chini ya ukuta wa udongo unaozuia bahari,
ambako pazia halifungwi hata usiku,
maana afungaye pazia, wanasema, ana la kuficha.

Sjoukje, mjane, alilifunga lake.
Novemba. Pazia la kijani.

Jumapili mzee wa kanisa Harmen Boonstra akasimama,
koti jeusi, kola iliyotiwa wanga mpaka ikamkata shingo,
akalitoa lile neno, zinaa,
polepole, kama mtu anayemumunya peremende
na hataki iishe.
Akataja baiskeli iliyoegemezwa nyuma ya banda.
Akataja taa iliyozimwa saa nne kasoro dakika kumi.
Akataja gauni la kulalia, lenye utepe mwekundu begani,
na hapo koo likamkauka, akaomba maji.

Tuliguna sote. Mabenchi yakalia.
Hakuna aliyeuliza: pazia limefungwa,
utepe umeuonaje?

Jumamosi nikaegemeza ngazi kwa Harmen.
Dirisha la juu, la chumba cha kuhifadhia tufaha,
chumba asicholala mtu.
Nje palikuwa na chumvi ya upepo, kama siku zote.
Ndani, alama ya paji la uso:
duara la mafuta, na chini yake
ukungu wa pumzi uliokauka, tabaka juu ya tabaka.
Kiti kimoja, na mto juu ya kiti.
Mbegu za tufaha zimepangwa ukingoni.
Nikageuza shingo kulifuata paji lilikotazama:
shamba la kabichi, mfereji, mgongo wa nyumba ya Sjoukje,
na pazia la kijani lenye mwanya mwembamba kama ukucha.

Mafuta ya ngozi yana umri, mimi nayajua.
Haya hayakuwa ya Novemba.
Yalikuwapo kabla ya baiskeli,
nadhani hata kabla mume hajazikwa.

Tjitske, mkewe, aliniletea kahawa chini.
"Upande wa ndani usijisumbue," akasema,
"nitaufuta mwenyewe."
Hakunitazama. Kitambaa alikuwa nacho mkononi tayari.

Sjoukje aliondoka kabla mifereji haijaganda,
kwa basi la Leeuwarden,
sanduku lake limefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo.
Nilikuwa naosha kioo cha duka la mikate.
Nilimpungia mkono uliokuwa na ngozi,
sijui kama alidhani nasugua tu.

Februari, kwa kinyozi, nikafungua mdomo.
Nilianza na zile mbegu. Niliwachelewesha.
Watu wakasogeza viti, wembe ukasimama hewani
juu ya shavu la mwalimu lenye povu.
"Na utepe?" kinyozi akauliza. "Ulikuwa mwekundu kweli?"
"Mwekundu," nikasema,
nikausikia ulimi wangu ukilizungusha neno hilo,
ukilihamisha shavu hadi shavu,
tamu, halitaki kwisha.

Walicheka. Walimlaani Harmen, wakanilipia kunyolewa.
Hakuna aliyeuliza
nilikaa muda gani juu ya ngazi ile,
hata maji ya ndoo yakapoa.